Vijiti vya Cuisenaire na hesabu za mafumbo: tathmini ya mwalimu wa shule ya msingi

Kwa mwalimu au mzazi anayetafuta zana ya kumsaidia mtoto aliyekwama kwenye hesabu za mafumbo, vijiti vya Cuisenaire, yaani vijiti vya rangi ambavyo kila rangi ina urefu wake, ni zana ninayoipendekeza bila kusita, ila kwa sharti moja ambalo ndilo kiini cha tathmini hii: vitumike kumwonyesha mtoto uhusiano wa idadi zilizomo ndani ya fumbo, visigeuzwe kuwa chombo cha kuhesabia jibu. Mzazi atakayenunua kasha zima kisha akamwacha mwanawe ahesabu kimoja kimoja hadi jibu litokee, atakuwa ametoa fedha kwa kazi ambayo vizibo vya soda vinaifanya bure.

Tatizo lenyewe linajulikana kwa kila anayefundisha Hisabati kuanzia Darasa la Tatu. Yupo mtoto ambaye ukimwandikia ubaoni 45 − 18 anatoa vizuri, anakopa kwenye makumi bila kukosea, na anaandika 27 kwa kujiamini. Mtoto huyohuyo ukimsomea kwamba mfugaji alikuwa na mbuzi 45, akauza baadhi, akabaki na 18, kisha ukamuuliza ameuza wangapi, anainua macho na kusema, “Mwalimu, hii ni ya kujumlisha au ya kutoa?” Kukokotoa anajua, asichokiona ni picha ya jambo linaloelezwa. Mbinu iliyozoeleka ya kumsaidia ni kumkaririsha maneno ya kuashiria: akikuta “zaidi” ajumlishe, akikuta “baki” atoe, akikuta “kila mmoja” azidishe au agawanye. Mbinu hiyo inafanya kazi kwenye mafumbo mepesi ya mwanzo, na hapo ndipo hatari yake ilipo, kwa sababu inamzoesha mtoto kuruka habari yote na kuwinda neno moja.

Chukua fumbo hili: Asha ana maembe 8. Ana maembe 3 zaidi ya Juma. Je, Juma ana maembe mangapi? Mtoto aliyekaririshwa anaona “zaidi”, anajumlisha 8 na 3, anaandika 11, na kazi yake haina kosa lolote la ukokotoaji. Ukimpa vizibo, atapanga vizibo 8, ataongeza 3, atahesabu fungu zima na kupata 11 ileile, tena sasa akiwa na ushahidi mkononi. Vizibo havikumsahihisha kwa sababu fungu la vizibo halisemi nani ana kingi na nani ana kichache.

Hali ni tofauti unapoweka vijiti mezani. Kwanza mtoto anachukua kijiti cha kahawia, chenye urefu wa sentimita 8, na kukilaza kuwa maembe ya Asha. Kabla hajagusa kingine anaulizwa: kati ya Asha na Juma, nani ana maembe mengi? Inambidi arudi kulisoma fumbo, na hapo ndipo kazi halisi inapoanza. Akishasema ni Asha, anaulizwa kama kijiti cha Juma kitakuwa kirefu au kifupi kuliko cha Asha. Kifupi. Na kile kinachomzidisha Asha ni kiasi gani? Ni 3, basi anachukua kijiti cha kijani hafifu na kukilaza chini ya kile cha kahawia, kikiwa kimesawazishwa upande wa kulia, ili kionyeshe ile ziada. Upande wa kushoto inabaki nafasi tupu, na nafasi hiyo ndiyo Juma. Mtoto anatafuta kwenye kasha kijiti kinachoenea hapo bila kupwaya wala kujitokeza, anakuta ni cha njano, 5. Jibu la 11 sasa halina mahali pa kukaa, maana kwa 11 angelazimika kumpa Juma kijiti cha chungwa na cheupe kwa pamoja, mstari mrefu kuliko wa Asha, na macho yake mwenyewe yangemkatalia.

Mazungumzo ya namna hii ndiyo ninayoyatafuta ninapotathmini zana yoyote ya mafumbo. Swali la “tufanye nini na namba hizi” linapisha maswali mengine matatu: kitu kizima ni kipi, sehemu zake ni zipi, na kisichojulikana kiko wapi. Zana inayomlazimisha mtoto kuyajibu hayo kabla ya kushika kalamu inastahili bei yake.

Sasa nieleze kilichomo ndani ya kasha. Asili ya vijiti hivi ni Ubelgiji, ambako Georges Cuisenaire, mwalimu wa shule ya msingi katika mji wa Thuin, alivibuni kwa ajili ya wanafunzi wake na kuchapisha maelezo ya mbinu yake mwaka 1952. Mwaka uliofuata Caleb Gattegno, mwanahisabati mzaliwa wa Alexandria nchini Misri aliyekuwa akifundisha London, alikwenda kuyaona madarasa ya Cuisenaire, na yeye ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kuvieneza katika nchi nyingine. Kila kijiti kina unene wa sentimita 1 kwa 1, na urefu unakwenda kwa rangi: cheupe ni sentimita 1, chekundu 2, cha kijani hafifu 3, cha zambarau 4, cha njano 5, cha kijani iliyokoza 6, cheusi 7, cha kahawia 8, cha buluu 9 na cha chungwa 10. Rangi hazikuchaguliwa ovyo. Chekundu, zambarau na kahawia, yaani 2, 4 na 8, zina undugu wa wekundu. Njano na chungwa ni 5 na 10. Kijani mbili na buluu ni 3, 6 na 9. Nyeusi inabaki peke yake kwenye 7. Kasha la kawaida la kuanzia lina vijiti 74: vyeupe 22, vyekundu 12, vya kijani hafifu 10, vya zambarau 6, na vinne vinne vya kila rangi katika zile sita zilizobaki.

Jambo la kuzingatia kuliko yote katika umbo la vijiti hivi ni kwamba havina namba iliyoandikwa juu yake wala mistari ya kugawa sentimita. Mnunuzi wa mara ya kwanza anaweza kudhani huo ni upungufu, na baadhi ya watengenezaji wamejaribu kuuziba kwa kuchonga alama za sentimita juu ya kila kijiti. Kwa kazi ya mafumbo, alama hizo zinaharibu. Gattegno alisisitiza kwamba watoto waanze kwa kulinganisha vijiti kwa urefu na kusema kipi ni sawa na vipi kwa pamoja, kabla ya kuvipa namba yoyote, na faida ya msimamo huo inaonekana wazi pale fumbo linapohusu idadi isiyojulikana.

Mfano ni huu: Umri wa Fatuma ni mara 3 ya umri wa mdogo wake. Jumla ya umri wao ni miaka 16. Mdogo wake ana miaka mingapi? Ukimwambia mtoto achukue kijiti chochote kiwe umri wa mdogo wake, mara nyingi atasita, kisha atauliza, “Kipi, Mwalimu? Chekundu ni mbili.” Hapo mwalimu anahitaji subira. Chekundu kilikuwa 2 kwenye hesabu ya jana. Leo ni umri wa mtoto ambao bado hatuujui. Akikubali hilo, analaza chekundu kimoja kwa ajili ya mdogo na vyekundu vitatu kwa ajili ya Fatuma. Anavitazama: vyekundu ni vinne, vyote vinalingana, na kwa pamoja vinasimama badala ya miaka 16. Kimoja basi ni 4. Mdogo ana miaka 4 na Fatuma ana miaka 12. Mtoto wa Darasa la Nne amefumbua jambo ambalo sekondari ataliandika kwa herufi kama x + 3x = 16, na amelifumbua bila kujua kwamba ameigusa aljebra. Sijaona zana nyingine ya mkononi inayofika hapo kwa urahisi kama huu.

Ndiyo maana namshauri mzazi asifanye haraka kumkaririsha mtoto kwamba njano ni tano na nyeusi ni saba. Watoto wataikariri wenyewe, tena mapema, kwa sababu ya kuvichezea. Kazi ya mkubwa ni kuhakikisha kwamba ufahamu huo haugandi, kwa kubadilisha mara kwa mara thamani ya vijiti: leo cheupe kiwe 1, kesho kiwe 10, keshokutwa kiwe shilingi 500, ili cha njano kigeuke kuwa shilingi 2,500 bila mtoto kushtuka.

Kwenye hesabu za sehemu, yaani nusu, robo na kadhalika, vijiti vinang’ara. Mtoto anayeambiwa kwamba robo ya maandazi 8 ni 2 anaweza kukubali kwa kumheshimu mwalimu tu, lakini akilaza vyekundu vinne chini ya kijiti kimoja cha kahawia, robo ameiona. Zuri zaidi ni kuunganisha cha chungwa na chekundu kupata urefu wa 12, kisha kumwachia mtoto atafute mwenyewe ni vijiti gani vya rangi moja vinavyoujaza kikamilifu: vya kijani iliyokoza viwili, vya zambarau vitatu, vya kijani hafifu vinne, vyekundu sita. Nusu, theluthi, robo na sudusi zimelala mezani kwa pamoja, na fumbo linalosema kwamba Rashidi alikula theluthi moja ya machungwa 12 na Halima akala robo linaweza kusomwa moja kwa moja: kimoja cha zambarau, 4, na kimoja cha kijani hafifu, 3, yameliwa 7, na kilichobaki ni cha njano, 5.

Kikomo cha vijiti nacho kiko wazi, na mnunuzi akijue mapema. Hesabu za Darasa la Tano hadi la Saba zina maelfu, asilimia na fedha. Hakuna kasha litakalolaza shilingi 18,000 kwa kipimo. Mwalimu anayeendelea kung’ang’ania vijiti kwenye ngazi hiyo atawafanya wanafunzi waone kwamba zana ni ya watoto wadogo na kwamba wakubwa hurudi kubahatisha. Vijiti ni daraja la kumvusha mtoto hadi kwenye mchoro wa mistatili, na thamani yao yote kwa mafumbo inategemea kama mtoto alivushwa kweli au aliachwa katikati.

Mchoro huo wa mistatili umepata umaarufu kupitia Singapore, ambako katika miaka ya 1980 kikundi cha wataalamu wa Wizara ya Elimu kilichoongozwa na Kho Tek Hong kiliuingiza kwenye vitabu vya shule za msingi. Mpangilio wao ulifuata ngazi ambazo mwanasaikolojia wa Marekani Jerome Bruner alikuwa amezieleza katika miaka ya 1960: kwanza mtoto atende kwa mikono, kisha aone kwa picha, kisha aandike kwa alama. Matokeo ya upimaji wa kimataifa wa TIMSS wa mwaka 1995, ambamo Singapore iliongoza katika Hisabati, yaliwafanya walimu wa nchi nyingi wageuze macho kuangalia wanafundishaje. Siamini kwamba mistatili peke yake ndiyo iliyowafikisha pale, maana nchi yenye walimu walioandaliwa vizuri na vitabu vya kutosha ina mengi ya kuisaidia; lakini mbinu yenyewe ukiifuata darasani unaelewa kwa nini waliithamini.

Mstatili uliochorwa unafanya kile kijiti kilichofanya, ila hauna kikomo cha urefu. Fumbo la mfugaji linachorwa kwa mstatili mmoja mrefu, juu yake 45. Unagawanywa kwa mstari, upande mmoja 18, upande mwingine alama ya kuuliza. Anayeuona mchoro huo hana haja ya kumuuliza mwalimu kama ni ya kujumlisha au ya kutoa. Fumbo gumu zaidi ni hili: Mama alitumia theluthi moja ya fedha zake kununua mchele, na nusu ya zilizobaki akanunua mafuta ya kupikia. Akabaki na shilingi 6,000. Mwanzoni alikuwa na shilingi ngapi? Wanafunzi wengi hukimbilia kujumlisha theluthi na nusu, wakapata 5/6, wakapotea hapo, kwa sababu ile nusu ni ya zilizobaki na si ya fedha zote. Mchoro unamwokoa: mstatili mmoja, vyumba vitatu vinavyolingana, kimoja ni mchele, vilivyobaki ni viwili, nusu yake ni kimoja, hayo ni mafuta, kimoja cha mwisho ni 6,000. Vyumba vitatu ni 18,000. Hakuna kanuni iliyokaririwa hapo.

Kuhamia kwenye karatasi hakutokei kwenyewe, na hapa ndipo ninapoona wazazi wengi wenye nia njema wakiteleza. Njia inayofaa ni kumtaka mtoto, akiwa bado na vijiti mezani, avizungushie penseli kwenye daftari la mraba, ambalo watoto wa Kitanzania wanalo tayari kwa ajili ya Hisabati. Baadaye anachora kwa kuvitazama bila kuvigusa, na mwisho anachora kasha likiwa limefungwa. Mwanzoni michoro yake itakuwa na kasoro zinazojirudia. Wapo watakaochora maembe yenyewe, pamoja na vikonyo na majani, na kumaliza muda kwenye uchoraji. Wengine huchora vyumba vitatu visivyolingana huku fumbo likisema theluthi. Kasoro inayoponza zaidi ni kuchora kila kitu kilichotajwa na kusahau kuweka alama ya kuuliza, kwa sababu mtoto asiyejua anachokitafuta atakokotoa namba mbili za kwanza alizoziona. Ninawataka wanafunzi waandike alama ya kuuliza kabla ya kuandika namba yoyote kwenye mchoro, na sharti hilo dogo limenisaidia kuliko maelezo marefu.

Yapo mafumbo ambayo si vijiti wala mistatili inayoyafaa. Basi lililotoka Morogoro saa 2:30 asubuhi na kufika Dodoma saa 6:15 mchana linafumbuliwa vizuri zaidi kwa mstari wa namba wenye saa, na mafumbo ya mzingo na eneo yanataka umbo lenyewe lichorwe. Kumlazimisha mtoto atumie mstatili kwenye kila kitu ni kurudia kosa la maneno ya kuashiria kwa njia nyingine.

Kuhusu ubora wa bidhaa, vijiti vinauzwa vya mbao na vya plastiki. Ninapendelea vya mbao: havitelezi ovyo juu ya dawati, na vinapopangwa mstari hubaki vilipowekwa hata dawati likiguswa. Vya plastiki vina faida ya kuoshwa kwa maji na sabuni, jambo lenye uzito kwenye darasa la awali, na rangi yake haibanduki. Vipo pia vya plastiki vyenye viungo vya kuunganishwa ncha kwa ncha. Kwa kazi ya mafumbo sivihitaji, kwa sababu viungo humvutia mtoto kujenga mnara. Cuisenaire ni alama ya biashara, na kwa hiyo mnunuzi atakuta vijiti vya kufanana navyo kwa majina mengine. Hakuna ubaya wowote ilimradi ahakikishe mambo mawili, kwamba urefu unapanda kwa sentimita moja moja sawasawa na kwamba rangi zinafuata mpangilio uleule, kwani akija kununua kasha la pili la mtengenezaji mwingine lenye rangi zilizobadilishwa, darasa zima litachanganyikiwa.

Vijiti vyeupe ni vidogo kiasi cha kumezwa. Penye mtoto wa chini ya miaka mitatu, kasha likae juu ya kabati. Mtoto mwenye upofu wa rangi si lazima aachwe nyuma, kwa kuwa urefu unatosha kutofautisha vijiti, lakini mwalimu aache tabia ya kusema “chukua kijani” na badala yake aseme “chukua kinachoenea hapa”. Lugha hiyo, kwa kweli, inawafaa watoto wote.

Bei ya kasha lililoagizwa kutoka nje, ukiongeza usafirishaji, inaweza kuwa mzigo kwa shule ya kawaida, na sioni sababu ya shule kusubiri mfadhili. Vijiti vyote 74 ukivipanga mstari mmoja vina urefu wa sentimita 280. Fundi seremala akipewa ufito laini wa sentimita 1 kwa 1 wenye urefu wa mita 3 na nusu, ukiwamo upotevu wa msumeno, anapata kasha zima, na kinachobaki ni msasa na rangi. Usahihi ndio wa kusimamia: kijiti cha 8 kilichokatwa kikawa 7.7 hakitalingana na vyekundu vinne, na mtoto atakuwa amefundishwa uongo kwa macho yake. Mwambie fundi akate kwanza kipimo kimoja cha kila urefu, kisha avikate vingine kwa kukilalia hicho, asipime upya kwa rula kila mara. Anayeshindwa kupata fundi akate vipande vya manila vyenye upana wa sentimita 1 na kuvipaka rangi. Havidumu, vinapeperuka dirisha likiwa wazi, lakini kwa muhula mmoja vinatosha.

Kwa darasa lenye wanafunzi wengi, kasha moja linahudumia vizuri kikundi cha watoto wanne, maana kila rangi ina angalau vijiti vinne. Watano wanaweza kushirikiana kwenye fumbo moja, ila mmoja wao huishia kutazama wenzake. Pale ambapo makasha ni machache, ni bora kikundi kimoja kifanye kwa vijiti huku vingine vikichora, kisha wabadilishane, kuliko mwalimu kushika vijiti mbele ya darasa na kuvionyesha kwa mbali, jambo ambalo halina faida yoyote kwa watoto walioketi nyuma.

Wenye kompyuta na intaneti wanaweza kuongezea Thinking Blocks, programu ya bure kwenye tovuti ya Math Playground, inayomtaka mtoto asome fumbo, aburute vipande vya rangi kujenga mchoro, avipe majina, aweke alama ya kuuliza, na ndipo akokotoe. Mpangilio wake ni mzuri sana na unafanana na ninaousisitiza hapa. Mafumbo yake ni ya Kiingereza, kwa hiyo mtoto anayesoma Hisabati kwa Kiswahili atahitaji mtu mzima wa kumsomea, na kwake nisingeiweka mahali pa vijiti na daftari.

Kwa jumla ya hayo yote, kasha la vijiti 74 vya mbao visivyo na alama ninalipa alama za juu kwa watoto wa Darasa la Kwanza hadi la Nne, na kwa mwanafunzi wa Darasa la Tano au la Sita aliyekwama kwenye sehemu na uwiano ninalipendekeza kwa muda mfupi tu, hadi atakapoweza kuchora. Lenye alama za sentimita nisingelinunua hata likiwa la bei nafuu.

Mwisho, ushauri wa utunzaji, maana kijiti kimoja cha njano kikipotea kikundi kizima kinasimama. Kabla ya kufunga kasha, wanafunzi wapange ngazi nne, kila moja kutoka cheupe hadi cha chungwa. Zikitimia, nje ya ngazi vibaki vyeupe 18, vyekundu 8, vya kijani hafifu 6 na vya zambarau 2. Ngazi ikiwa na pengo, rangi ya kijiti kilichopotea inajulikana papo hapo, na watoto watainama chini ya madawati kukitafuta bila kuambiwa.